Sura ya Saba: Kutibiwa kwa Simu Ukiwa Huna Simu

"Daktari atanitibuje na hajanishika?" Popote tiba ya simu inapotajwa mbele ya wanakijiji, swali hili hutangulia, na ni swali la haki. Anayeuliza amezoea kulala kitandani, tabibu akamkandamiza tumbo, akamsikiliza kifua, akamtoboa kidole kutazama malaria. Akiambiwa kwamba safari hii atasikilizwa kwa sauti tu, anaona anapunjwa: wenzake wa mjini wanaonwa, yeye anaongeleshwa.

Ukweli ni kwamba si kila kitu kinawezekana kwa simu. Damu haipimwi kwa sauti, na mama anayetokwa damu baada ya kujifungua hahitaji ushauri, anahitaji gari. Lakini yupo mgonjwa wa presha aliyeishiwa dawa. Yupo wa kisukari asiyejua ameze kidonge au aache siku anayotapika. Yupo mzazi aliyekesha na mtoto anayekohoa, hajui kama angoje kukuche au abishe hodi kwa mwenye bodaboda sasa hivi. Hawa anaweza kuwasaidia mtu mwenye ujuzi hata akiwa kilomita mia kutoka hapo.

Swali gumu huja nyuma ya hilo, na aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini: "Na sisi tusio na simu?" Sura hii ni ya swali hilo la pili. Nitalijibu nikiwa Heru Juu, kata ya vilima vya Kasulu mkoani Kigoma, katika nchi ya Waha. Nimepachagua kwa sababu janga linapokuja, mahali kama hapa ndipo panapoonyesha kama tiba ya simu ni ya wote au ni ya wenye bando.

Tiba mtandao ni nini hasa

Tiba mtandao ni huduma ya afya inayotolewa wakati mgonjwa na mtaalamu hawako mahali pamoja, wakiunganishwa na simu au intaneti. Watu wengi wakisikia hivyo hufikiria kioo kikubwa, daktari amevaa koti jeupe, anaonekana akiongea. Hiyo ni sura moja tu, tena ndiyo adimu kuliko zote. Zipo nyingine tatu zinazofanya kazi zaidi vijijini.

Ya kwanza ni ujumbe. Novemba 2012 Tanzania ilianzisha Wazazi Nipendeni: mama mjamzito alituma neno "mtoto" kwenda 15001, akaanza kupokea bure ujumbe wa kumkumbusha kliniki, chandarua na dalili za hatari kulingana na umri wa mimba yake. Hakuhitaji intaneti wala simu ya kioo.

Ya pili ni mgonjwa kumpigia mhudumu. Wizara ya Afya ina namba 199, ya bure, na wakati wa korona ndiyo iliyotangazwa kila kona.

Ya tatu ni mhudumu kumpigia mhudumu mwenzake: muuguzi wa zahanati anapokwama, anamuuliza tabibu wa kituo cha afya au daktari wa hospitali. Haina tangazo redioni, lakini kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote kwa watu wa Heru Juu. Mgonjwa ameshikwa, amepimwa, ameonwa na mtu aliye mbele yake. Kinachosafiri ni ujuzi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limekuwa na utaratibu wa namna hii tangu mwaka 2010: mganga aliye porini huandika habari za mgonjwa bila kutaja jina lake, huambatanisha picha, na bingwa aliye nchi nyingine humjibu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu huduma za afya za kidijitali Aprili 2019, mwaka mmoja tu kabla ya janga. Lilikubali tiba mtandao, kwa sharti kwamba iwe nyongeza ya huduma ya ana kwa ana, isije ikawa mbadala wake. Sharti hilo litatufaa mbele.

Kwa ufupi: tiba mtandao si lazima iwe video. Kitochi kinatosha kwa kazi nyingi, na mazungumzo yenye faida zaidi mara nyingi ni ya wahudumu wawili.

Korona ilipofika

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, msafiri aliyeingia kupitia Uwanja wa Kilimanjaro. Siku iliyofuata shule zilifungwa. Mwanzoni mwa Mei hesabu iliyotangazwa ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka hazikutolewa namba nyingine. Mashamba yaliendelea kulimwa, masoko yaliendelea kufanyika, na tofauti na Uganda, hakuna aliyezuiwa kutoka nyumbani kwake.

Kwa hiyo wengine husema: kama watu hawakufungiwa, tiba ya simu ilikuwa ya nini? Wanasahau hofu. Mtu hahitaji askari mlangoni ili aache kwenda hospitali. Inatosha aamini kwamba hospitali ndiko ugonjwa uliko. Mzee wa kisukari anapiga nyungu nyumbani, anakunywa tangawizi na limau, anasubiri. Mama anaruka kliniki moja, halafu ya pili. Wala muuguzi hana raha, maana barakoa ni chache na kila anayekohoa anamtia shaka. Katika hali hiyo, sauti moja inayoaminika ya kumwambia mtu "wewe baki nyumbani, fanya hivi" na kumwambia mwingine "wewe njoo leo hii, usingoje" ingeokoa maisha ya wote wawili.

Halafu kuna umbali, ambao ulikuwepo kabla ya korona na bado upo. Mgonjwa wa Heru Juu huanzia zahanati, akaenda hospitali ya Kasulu au ya misheni pale Kabanga. Ikizidi, anapelekwa Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Kigoma mjini. Ikizidi tena ni Bugando, Mwanza, safari ya kutwa nzima. Kwa mtu wa Kibondo, hata Maweni ni zaidi ya kilomita 200. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, yenye kilomita 260, ilikuwa haijakamilika kwa lami, na mvua za masika zikianza kila mtu hapa anajua nini hutokea. Nauli ya kwenda kuambiwa "endelea na dawa zilezile" ni pesa ya mahindi ya familia.

Nani wa kufikiwa kwanza

Tunaposema wagonjwa walio hatarini zaidi, tusiishie kwenye wazee peke yao. Katika vilima hivi orodha yangu ingekuwa hivi:

- Wenye presha, kisukari na magonjwa ya moyo, ambao korona huwaumiza zaidi na ambao dawa zao hazitakiwi kukatika.
- Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na wanaotibiwa kifua kikuu.
- Wajawazito, hasa wale waliowahi kujifungua kwa upasuaji.
- Watoto chini ya miaka mitano. Utafiti wa malaria wa mwaka 2017 uliiweka Kigoma juu ya mikoa yote: karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikutwa na vimelea, wakati wastani wa taifa ulikuwa kama asilimia 7.
- Wenye selimundu, yaani ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, ambao homa ndogo kwao si ndogo.
- Wakimbizi walioko kambini, ambao nitawarudia.

Kundi la pili, la dawa za kila siku, lilionyesha njia. Tanzania ilikuwa imeanza kuwapa watu wenye hali nzuri dawa za UKIMWI za miezi mitatu hadi sita kwa mara moja badala ya kila mwezi. Janga lilipokuja, utaratibu huo ulionekana hekima tupu: mtu yuko nyumbani na dawa zake, na simu inabaki na kazi ya kuuliza unaendeleaje. Sioni kwa nini mgonjwa wa presha aliyetulia asipewe vivyo hivyo.

Dakika kumi za simu

Turudi kwa yule aliyeuliza atatibiwaje bila kushikwa. Tuchukue mfano. Bibi wa miaka sabini na kitu, ana presha, anakohoa siku ya nne. Mhudumu wa afya wa kijiji, kijana wa jirani, amesimama mlangoni pake na barakoa, ameshika simu iliyowekwa sauti ya nje. Upande wa pili yuko tabibu Kasulu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo bibi. Nimeambiwa kifua kinasumbua. Hebu niambie mwenyewe, kilianzaje?"

Tabibu hajauliza swali hilo kwa adabu tu. Anamwacha bibi aongee ili asikilize kama anamaliza sentensi nzima au anakata katikati kuvuta hewa. Anayeshindwa kumaliza sentensi akiwa ameketi ni wa kupelekwa hospitali sasa, kabla ya swali lingine lolote. Mwaka 2020 ulisambaa ujanja wa kumwambia mgonjwa ahesabu namba nyingi awezavyo kwa pumzi moja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford walionya usitegemewe. Kusikiliza anavyoongea kawaida ni bora.

"Jana uliweza kwenda chooni mwenyewe?"

"Jana nilikwenda. Leo nimeshikwa mkono."

Hilo ni jibu zito kuliko namba nyingi. Mtu anapoacha kuweza leo alichoweza jana, hali inabadilika upesi. Kisha tabibu anamgeukia kijana: midomo ina rangi gani? Hesabu anavyopumua kwa dakika nzima, usihesabu nusu ukazidisha. Anaongea akili yake au anachanganya majina ya watoto? Amekojoa mara ngapi? Dawa ya presha anameza ipi? Soma jina lililoandikwa kwenye kasha, usiniambie rangi ya kidonge.

Kama mhudumu ana kipima oksijeni, kile kidude kidogo kinachobanwa kidoleni kuonyesha damu imebeba hewa kiasi gani, kazi inakuwa nyepesi. Chini ya 90 ni hatari kubwa. Chini ya 94 ni ya kuangaliwa kwa makini. Lakini kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Mwishoni mwa 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vipima hivi huweza kumpa mtu mweusi namba kubwa kuliko hali yake halisi, kwa sababu mwanga wake hupita kwenye ngozi. Hina au rangi ya kucha, na kidole chenye baridi ya asubuhi ya mlimani, navyo huvuruga. Kwa hiyo 94 ya bibi wa Heru Juu isimpe mtu usingizi. Namba hiyo isomwe pamoja na yale aliyoyasema: leo ameshikwa mkono.

Kwa mtoto, kipimo kikubwa ni pumzi. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, na wa mwaka mmoja hadi mitano anayepumua mara 40 au zaidi, huenda ana nimonia. Wa chini ya miezi miwili, ni 60. Mzazi anaweza kufundishwa kuhesabu kwa simu: mtoto awe ametulia, shati limefunuliwa, mmoja anatazama tumbo na mwingine anatazama saa ya simu.

Ukiangalia mfano huu utaona bibi ameshikwa. Kuna mkono uliomgusa, macho yaliyomtazama mdomo, na sikio la Kasulu lililoelekeza mkono huo. Bila yule kijana mlangoni, tabibu angebaki na sauti ya mgonjwa peke yake, na wazee wana tabia ya kusema "sijambo" hata wakiwa hoi.

Kwa ufupi: simu inapima mambo manne vizuri: pumzi, nguvu, akili na dawa. Inahitaji mtu wa pili aliye karibu na mgonjwa.

Simu ni ya nani nyumbani

Hapa ndipo mipango mingi mizuri huanguka. Mwandishi wa mpango yuko Dar es Salaam au Dodoma, simu yake iko mfukoni, ana laini mbili. Anadhani kila "mgonjwa" ana namba. Vijijini, simu ni ya kaya, na mara nyingi mwenye kaya ndiye mwenye kuibeba. Akienda shamba Malagarasi wiki mbili, namba ya mke wake imekwenda naye. Anayepiga kumkumbusha mama kliniki anaongea na baba aliye kilomita arobaini kutoka kwa tumbo lenyewe.

Tena kumbuka kilichotokea miezi miwili kabla ya korona. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 2019, na ilipofika 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Kusajili kulihitaji namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na walioikosa wengi walikuwa wazee wasio na cheti cha kuzaliwa na watu wa vijiji vya mbali na ofisi. Usajili ulikuwa na sababu zake, wizi wa mitandao ulikuwa umezidi. Lakini aliyepoteza laini Januari hakuwa na simu Machi, na aghalabu ndiye mtu yuleyule ambaye tiba ya simu ilitakiwa kumfikia kwanza.

Umeme nao. Kasulu na Kibondo ziliishi kwa majenereta ya dizeli hadi zilipounganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, na hiyo ni miji. Vijijini simu huchajiwa kwa sola ya duka la jirani kwa malipo, ikabaki huko kutwa. Ukimpigia mgonjwa mchana, simu inaita dukani. Aliyezoea kijiji anajua kupiga jioni.

Na lugha. Anayepokea 199 anazungumza Kiswahili, vizuri sana. Lakini bibi wa Heru anaeleza maumivu kwa Kiha, na mkwe anapotafsiri, aibu inapunguza maneno. Dalili za uzazi na za mkojo ndizo hupotea kwanza.

Baada ya lugha kuna siri. Simu ya pamoja haina siri, na jibu la kipimo cha UKIMWI lililosomwa na shemeji linaweza kuvunja nyumba. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimo katika zile zinazolindwa kwa ukali zaidi. Sheria ni nzuri. Ila mama wa kijijini atalindwa zaidi na desturi ndogo za anayempigia:

- Aulize kwanza, "Uko na nani hapo? Unaweza kuongea?"
- Asitaje ugonjwa wala jina la dawa kabla hajajua anaongea na nani.
- Mambo ya UKIMWI, mimba za siri na ukatili wa nyumbani yasiandikwe kwenye ujumbe kabisa.
- Wakubaliane maneno ya kawaida, kwa mfano "ile kadi yako iko tayari", yanayoeleweka kwa wawili tu.

Kambini

Kambi ya Nyarugusu iko Kasulu, imewapokea Wakongo tangu 1996. Nduta iko Kibondo, ilifunguliwa upya 2015 Warundi walipoanza kukimbia. Mtendeli, Kakonko, ilifunguliwa 2016 na kufungwa 2021. Kwa miaka mingi Nyarugusu peke yake imekuwa na watu zaidi ya laki moja, wengi kuliko miji mingi ya mkoa.

Mkimbizi hawezi kutoka kambini bila kibali. Kwake rufaa ya kwenda Kibondo au Maweni si suala la nauli tu, ni karatasi, ni gari la shirika, ni zamu. Ugonjwa wa kuambukiza unapoingia, kila safari inayoweza kuepukwa ni faida kwa kambi na kwa hospitali inayopokea. Picha ya eksirei iliyotumwa kwa bingwa, au mashauri ya simu kati ya daktari wa kambi na wa Maweni, yanaweza kuamua kwamba wagonjwa fulani wabaki na wengine watangulizwe.

Tuna kumbukumbu chungu ya nini hutokea ugonjwa ukiwatangulia watu. Mei 2015 maelfu ya Warundi walijazana Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika kilichobanwa na milima, hakuna barabara ya gari. Kipindupindu kilizuka. Meli ya MV Liemba ilikuwa ikiwabeba kwenda Kigoma, na ugonjwa ulisafiri nao. Kabla ya daktari wa kutosha kufika Kagunga, kilichohitajika kilikuwa mtu wa hapo mwenye uwezo wa kusema kwa simu: wanaharisha wangapi, maji yanatoka wapi, chumvi ya kuongezea maji mwilini imebaki pakiti ngapi.

Nduta ina bahati moja ya lugha. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo mhudumu Mha na mama Mrundi hawahitaji mkalimani. Nyarugusu ni tofauti: wengi ni Wabembe wa Kivu Kusini, na Kiswahili chao ni cha Kongo. Anayeweka ujumbe wa sauti wa kambi nzima kwa Kiswahili cha redio ya Dar atawapata nusu tu. Wahudumu wa afya wakimbizi wenyewe ndio wa kurekodi.

Namba 115 na gari linalofuata simu

Ushauri wa simu ukiisha kwa kusema "nenda hospitali", halafu hakuna gari, umemwongezea mgonjwa hofu, hujamsaidia. Hili ndilo nililonalo moyoni kuliko yote katika sura hii. Bahati nzuri nchi ina mfano wake.

Mpango wa m-mama ulianzia Kanda ya Ziwa kwa msaada wa Vodafone Foundation, na Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Dodoma kwa ajili ya nchi nzima. Mama mjamzito au aliyejifungua akipata dharura, yeye au mhudumu anapiga 115, bure. Anayepokea anafuata maswali yaliyopangwa kujua kama ni dharura kweli na hospitali ipi inafaa. Gari la wagonjwa likiwepo, linatumwa. Lisipokuwepo, anapigiwa dereva wa kawaida wa karibu, mwenye teksi au gari lake, aliyeandikishwa kabla. Akimfikisha mama, analipwa kwa simu. Mgonjwa hatoi senti.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba haukungoja magari mapya. Ulichukua dereva aliyekuwepo, simu aliyonayo, na malipo ya simu ambayo kila mtu anayajua, ukaviunganisha. Kwa nini bibi wetu anayeshindwa kumaliza sentensi asipigiwe namba hiyohiyo siku za janga? Madereva wapo, wahudumu wa kupokea wapo. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuwalipia wasio wajawazito, pamoja na barakoa na sabuni kwa dereva, ambaye anakaa ndani ya gari lililofungwa na mtu anayekohoa.

Waliotangulia wamejikwaa wapi

Rwanda, jirani yetu, ilikwenda mbali kuliko sote. Kampuni ya Babyl, tawi la Babylon ya Uingereza, ilianza huko 2016. Raia alibonyeza *811# kwenye kitochi, akapangiwa muda wa kuongea na muuguzi au daktari, dawa na vipimo vikatumwa kwa ujumbe wa namba. Zaidi ya watu milioni mbili walijiandikisha, na Machi 2020, korona ikiwa mlangoni, serikali na kampuni zilitia saini mkataba wa miaka kumi. Mwaka 2023 Babylon ilifilisika Uingereza na Marekani, na huduma ya Rwanda ikazimika. Wagonjwa wa Rwanda hawakukosea kitu, wala wahudumu wao hawakushindwa kazi. Deni la kampuni lilikuwa London. Namba ya kupiga mtu akiugua lazima iwe mali ya nchi yake, kama zilivyo 199 na 115.

Marekani nayo ilifundisha kitu. Machi 2020 bima yao ya wazee, Medicare, ilikubali kulipia matibabu ya video kwa wote. Wiki chache zikaonyesha kwamba wazee na maskini hawana video, au hawaiwezi. Mwisho wa Aprili bima hiyo ikakubali kulipia simu ya sauti tupu kwa kiwango cha kumwona daktari. Nchi tajiri kuliko zote, na bado mnyonge wake aliokolewa na simu ya kawaida. Anayesema Kigoma ingoje mkongo wa intaneti ufike kila kijiji ndipo ianze, hajatazama vizuri.

Kwa ufupi: anzia na sauti, anzia na mhudumu, na namba iwe ya serikali.

Janga lijalo liko njia ya Nyakanazi

Basi la Kibondo kwenda Mwanza hupita Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo mkoani Kagera. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa Biharamulo. Marburg ni ndugu wa Ebola, huenezwa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Wagonjwa wawili walithibitishwa, wengine wanane walihesabiwa kuwa huenda walikuwa nao, na wote kumi walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha 13 Machi. Miaka miwili nyuma, Machi 2023, Marburg ilikuwa Bukoba Vijijini, mkoa huohuo.

Katika ugonjwa wa aina hii, lile swali la "atanitibuje bila kunishika" linageuka. Muuguzi wa zahanati asiye na glavu wala gauni la kujikinga hatakiwi kumshika mgonjwa kabla hajauliza kwa simu. Anayeshinda na mgonjwa nyumbani naye anahitaji kuelekezwa: nani amhudumie, chombo gani kisishirikiwe, nguo zifanywe nini, kupiga namba gani kabla ya kumpakia mtu kwenye bodaboda. Dakika tano za maelekezo hapo zinaweza kukinga ukoo mzima.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano, wanaolipwa, wakiwa wamechaguliwa na vijiji na mitaa yao. Yule kijana mlangoni pa bibi ndiye huyu. Kwa Heru Juu na Kibondo ningependa akabidhiwe vitu vichache, na viwe mkononi mwake kabla ya mgonjwa wa kwanza: simu iliyosajiliwa kwa jina la kazi, ambayo haiondoki na mtu akihama, sola ndogo ya kuichajia, kipima oksijeni na saa yenye sekunde, orodha ya kaya zenye wagonjwa wa dawa za kila siku, na jina la jirani wa kila kaya isiyo na simu, na namba ya tabibu mmoja wa Kasulu au Kibondo ambaye kupokea simu hiyo ni zamu yake ya kazi, imeandikwa kwenye ratiba na inalipwa, hata saa nane za usiku.

Vocha ya simu hiyo iingie kwenye bajeti ya halmashauri, mstari uleule wa mafuta ya gari la wagonjwa. Na mara moja kila mwezi, hata kama hakuna anayeumwa, tabibu ampigie kila mhudumu aone kama laini inapatikana. Ile isiyopatikana ifuatiliwe wiki hiyohiyo: mnara umezima, sola imekufa, au mhudumu amehama.